Nukta ya Mia na Kumi na Saba

Walikuwapo watu watano. Bi. Zuwena Faki, mkuu wa kambi, alikaa kichwani mwa meza. Mwalimu Laurian Rwechungura, mpima ardhi mwandamizi, alikaa kulia kwake, na Atuganile Mwasandube, mpima wa pili katika jozi, kushoto. Ekai Lokwawi, fundi wa mitambo, alisimama karibu na jiko kwa sababu kiti chake kilikuwa kimebeba betri. Bwana Ngwele, mwashi kwa kazi yake na msemaji wa familia thelathini na nne zilizokuwa bado melini, alikaa mwisho wa meza, kofia yake ikiwa magotini. Hakuna aliyekosekana, kwani kisiwa kizima cha Nundu hakikuwa na mtu mwingine.

Ilikuwa saa nne asubuhi ya siku ya sitini na mbili tangu wapimaji washuke. Shughuli ya kikao ilikuwa moja: kutia sahihi ramani.

Juu ya meza palikuwa na kioo kipana, na ndani yake kisiwa kilionekana kikiwa kimelala ubavu, mistari ya mwinuko ikikizunguka kama mikunjo ya kitambaa kilichovuliwa. Kutoka ghuba hadi Mabanda ya Juu, ambako maji ya moto ya ardhini yalikwisha kutiwa katika mabomba ya nyumba, ulipita mstari mwekundu. Mstari huo ulivuka Ulimi, yaani barafu pana iliyoshuka kati ya milima miwili. Sahihi mbili zikiingia, mstari ungeamka, na magari matano yaliyokuwa yamepangwa ufukoni yangeanza kupanda. Watu wa kambi waliyaita majongoo kwa sababu ya miguu yake mingi. Hayakuwa na dereva wala dirisha. Yalikwenda kwa ramani, na kwa ramani tu.

"Bwana Ngwele," alisema Ekai, "umewahi kuona namba zikizaa nyumba?"

"Nyumba zangu zote zilizaliwa na namba, mwanangu," alijibu mzee yule. "Zile zilizokosa namba zilizaa mahame."

Bi. Zuwena alicheka kidogo, akausukuma wino wa kutilia sahihi kwa kidole mbele ya wapimaji. "Haya, tieni sahihi watu wakale chakula chenye mvuke. Bahari imetupa siku tano kabla haijaganda. Mimi si mtu wa kubishana na bahari."

Rwechungura alinyoosha mkono. Atuganile hakuunyoosha wake. Alikuwa akisoma.

Msawazo, mfumo uliochanganya picha za setilaiti na vipimo vya ardhini, ulikuwa na tabia ya karani mwaminifu: kila ulichokitupa ulikiandika. Orodha ya vilivyotupwa ilikuwa na kurasa kumi na tisa, na katika kambi zote za upimaji hapakuwa na mtu aliyezisoma. Atuganile alizisoma. Alilelewa Rungwe na mama aliyechambua hata mchele ulioandikwa kwenye mfuko kwamba umekwisha kuchambuliwa.

"Nukta ya 117," alisema, "katikati ya Ulimi. Setilaiti imepita juu yake mara tatu wiki hii. Mara zote imesema ardhi iko chini ya kipimo chetu. Sentimita kumi na nane, kumi na tisa, ishirini na moja. Mara zote Msawazo umeitupa."

"Kwa sababu gani?" aliuliza Bi. Zuwena.

"Wasomaji wawili wamekubaliana ndani ya milimita moja."

"Basi si imejijibu yenyewe?"

Ndivyo ilivyokuwa sheria. Setilaiti huona uso wa theluji kutoka mbali, na mawingu, mng'ao na upepo huweza kuidanganya. Kwa hiyo palitungwa Kanuni ya Jozi: kila nukta isomwe na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiandika kwa penseli katika kitabu chake, wala asifungue cha mwenzake hadi ramani ikamilike. Macho mawili yasiyoonana yakisema neno moja, setilaiti hunyamazishwa.

"Atu," alisema Rwechungura kwa upole, "setilaiti iko kilomita mia tano juu. Sisi tulikuwa mita thelathini."

"Najua, Mwalimu. Naomba saa tatu tu."

Rwechungura alirudisha mkono wake polepole, akauweka juu ya paja. "Nenda," alisema, "kama baridi haijakutosha."

*

Ekai alilisimamisha gari dogo la theluji kwenye Jiwe la Msingi, mwamba pekee uliotokeza kando ya Ulimi. Juu ya mwamba ule walikuwa wamejenga nguzo fupi ya zege, ili darubini ya kupimia ikae kwa kimo kile kile kila siku. Atuganile aliifunga, akaisawazisha. Ekai alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili ikiwa kwenye gari, akabeba mkuki wa chuma wa kuchunguzia barafu, akaishika fimbo ndefu ya vipimo na kutembea hadi kibendera cha 117.

Barafu ilikuwa nyeupe, tulivu, isiyo na alama. Mtu angeweza kutandika mkeka.

Atuganile aliweka jicho. Ndani ya darubini kulikuwa na nyuzi tatu za mlalo, na uzi wa kati ulikata fimbo kwenye mita 1.688. Alisoma tena. 1.688. Katika ramani, nukta hiyo ilikuwa 1.462, na namba kubwa juu ya fimbo maana yake ni ardhi iliyo chini zaidi.

"Ekai," aliita, "chomeka mkuki. Usisogee hapo ulipo, chomeka tu."

Mkuki wa chuma uliingia kwa shida mita moja, kisha nusu mita, kisha ukateleza hadi kwenye mpini kama uliovutwa. Ekai aliutazama kwa muda.

"Dada," alisema, "huku chini kuna nyumba, na mwenyewe hayumo."

"Rudi kwa hatua zile zile ulizokwenda nazo."

Alirudi, na hakutia mzaha mwingine. Kila jongoo lilikuwa na uzito wa tani kumi na moja, nalo lingebeba familia saba. Chini ya kibendera barafu ilikuwa na ufa, na daraja la theluji lililouziba lilikuwa likiliwa na joto la kiangazi kutoka chini, likizama kidogo kidogo. Setilaiti ilikuwa imeliona likizama, ikasema mara tatu, na mara tatu ikaambiwa inyamaze.

Ndani ya gari Atuganile alikifungua kitabu chake kwenye ukurasa wa siku ya arobaini na moja, siku waliyoipima nukta ile. Mpima makini huandika nyuzi zote tatu, kwa kuwa uzi wa kati sharti uwe nusu ya jumla ya ule wa juu na ule wa chini. Ni njia ya mkono kuulinda mkono. Aliona maandishi yake: juu 1.792, chini 1.492. Nusu ya jumla yake ni 1.642. Katikati alikuwa ameandika 1.462, na uzi wa kati ndio pekee uliopelekwa kwenye Msawazo.

Alikuwa amegeuza tarakimu mbili. Siku ile upepo ulikuwa mkali, nao walirudi kambini mbio, na ile hesabu ndogo ya kuhakiki hakuifanya. Aibu ilimpanda usoni hata akahisi joto ndani ya kofia. Baadaye aibu ikaondoka, na mahali pake pakaja kitu kingine kilichokuwa baridi zaidi.

Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia mtihani analijua jambo hili. Majibu sahihi ya wanafunzi wawili hufanana kwa sababu ukweli ni mmoja. Makosa yao yakifanana, kuna shingo iliyogeuka.

"Turudi," alimwambia Ekai.

"Kuna nini?"

"Sijui bado. Turudi."

*

Vitabu vya vipimo vilikaa katika kabati la banda la zana, rafu ya juu cha Rwechungura, rafu ya chini chake yeye. Kabati halikuwa na kufuli. Kanuni ndiyo iliyokuwa kufuli.

Atuganile alisimama mbele yake akiwa na glavu mkononi. Alikumbuka alipokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni, alipochungulia kitabu cha mwenzake ili ahakikishe namba moja tu. Rwechungura alimwona. Hakumgombeza. Alichana ukurasa wake, akamwamuru aurudie mstari wote wa kilomita nne, naye akafuatana naye katika mvua, hatua kwa hatua, akimshikia mwavuli juu ya darubini wala si juu ya kichwa. "Kitabu cha mwenzako ukikifungua," alimwambia jioni ile, "umelitoboa jicho lake." Tangu siku hiyo alimpenda kama mzazi, na kila alichojifunza baadaye alikipanga juu ya maneno yale kama tofali juu ya msingi.

Alikichukua kitabu cha juu, akakifungua.

Siku ya arobaini na moja, nukta ya 117. Uzi wa kati: 1.463. Mwalimu alikuwa ameongeza milimita moja, kwa adabu. Uzi wa juu 1.613, wa chini 1.313. Hesabu ilikwenda sawa kabisa, ila siku ile hakuna jicho la binadamu lililoziona namba zile juu ya fimbo. Zilikuwa zimetengenezwa kutoka kwenye kosa la Atuganile.

Alivilaza vitabu viwili bega kwa bega, akaanza mwanzo. Hadi siku ya ishirini na mbili tofauti zao zilikuwa ovyo kama inavyopasa watu wawili kutofautiana: milimita tatu, tano, mbili, sifuri, nne. Kuanzia siku ya ishirini na tatu zikawa moja, moja, mbili, moja. Ilikuwa safi kuliko ukweli. Nukta mia nne na kumi na mbili zilikuwa katika ramani, na karibu zote zilikuwa baada ya siku ile.

Mlango ulifunguliwa nyuma yake.

"Umefungua kitabu changu," alisema Rwechungura.

"Nimefungua, Mwalimu. Wewe ulifungua changu mara ngapi?"

Mzee aliufunga mlango, akapapasa benchi kwa mkono kabla ya kukaa. Atuganile aliuona mkono ule ukipapasa, akakumbuka kuwa wiki nyingi sasa ulikuwa ukipapasa, naye akidhani ni baridi.

"Siku ya ishirini na tatu miwani yangu ilipasuka kwenye mlima," alisema. "Nilipima nusu siku bila kinga. Theluji ikaniunguza macho. Nilidhani yatapona, yanaponaga. La kushoto halikupona, la kulia lilipona kidogo. Sasa hivi naona umbo. Sauti yako ndiyo inayoniambia kuwa ni wewe."

"Ungesema."

"Ningesema, jozi ingevunjika. Jozi ikivunjika, meli haiji. Wale watu wamelala kwenye maghala ya bandari miaka mitatu, Atu, tangu bahari iile delta yao. Kuna watoto waliozaliwa mle."

"Na jina lako."

"Na jina langu. Hilo sikatai."

"Ulikuwa unakuja hapa kila jioni nikiwa napika."

"Nilikuwa nakuja."

"Nikikuita kula, unasema unasafisha vifaa."

"Nilivisafisha pia."

Atuganile aliketi juu ya sanduku la fimbo. Angependa kulia, na kwa hasira alijikuta hawezi. "Nukta ya 117 ni daraja la theluji. Mkuki umepita. Jongoo la kwanza lingezama na watu wake, na la pili lingelifuata, maana hayana macho."

Rwechungura aliinamisha kichwa. Aliponena, sauti yake ilikuwa ile ya darasani, iliyopangwa.

"Basi Mungu ametuhurumia, umeiona. Rekebisha hiyo moja. Andika 1.688 ya leo, nami niandike 1.687. Njia itasogea mita mia tatu upande wa mashariki, ambako mwamba uko karibu. Kesho watu watapanda. Mimi nitarudi na meli, nitasema nimezeeka. Hakuna atakayeumia."

"Na zile nyingine mia nne na kumi na moja?"

"Zile ni sahihi."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu ni zako."

Atuganile alikuwa amengoja kwa miaka kumi na mitano kusikia sifa kama hiyo kutoka kinywani mwake. "Hii nayo ilikuwa yangu," alisema.

"Ndiyo." Mzee akanyanyua uso, na macho yake yakatua pembeni kidogo ya mahali alipokaa. "Na hilo nalo ulifikirie. Kosa ulilifanya wewe, Atu. Mimi sikubuni namba, nilinakili tu."

Nje, upepo uliburuta mnyororo wa gari juu ya barafu.

"Kanuni unaijua," aliendelea, kwa upole ambao ulimuumiza kuliko maneno yenyewe. "Haiulizi nani alinakili na nani alinakiliwa. Mwenye kitabu ndiye anayepaswa kukilinda. Jozi huvunjwa yote, na wote wawili hawatii sahihi tena, popote. Mimi nimebakiza mwaka mmoja. Wewe una miaka thelathini na nne."

Atuganile alivichukua vitabu vyote viwili, akatoka.

Alizunguka banda mara mbili. Kule ghubani meli ilionekana, na kamba za nguo zilizofungwa kwenye sitaha yake, shati dogo jekundu likiwa limekakamaa kama ubao. Kama angeandika namba mbili kwa penseli, kesho shati lile lingekaushwa ndani ya nyumba yenye joto. Na alijua kwamba namba zake zilizobaki karibu zote zilikuwa nzuri. Alisimama kwenye lile neno "karibu". Kosa moja katika mia nne ni sifa darasani. Kwenye Ulimi ni shimo. Mtu anayefanya kosa moja asilolijua hawezi kuapa kwamba halifanyi la pili, na ndiyo maana palihitajika jicho lingine. Yeye alikuwa amedhani analo. Kwa siku arobaini alikuwa amepima barafu peke yake, akitembea kwa ujasiri wa mtu anayeamini ameshikwa mkono.

*

Saa nane mchana wakaketi tena mezani. Ekai safari hii aliiondoa betri akakaa.

Atuganile aliweka vitabu viwili katikati ya meza, vikiwa wazi, na penseli juu ya kila ukurasa. Bi. Zuwena alivaa miwani yake ya kusomea. Bwana Ngwele hakuvitazama vitabu, alimtazama yeye.

"Bi. Zuwena," alianza Atuganile, "ramani hii haitatiwa sahihi."

"Mwanangu, sema taratibu. Kwa sababu gani?"

"Nukta ya 117 iko juu ya ufa. Kosa la namba ni langu. Niligeuza tarakimu mbili, sikuhakiki. Msawazo haukuliona kwa sababu kitabu cha pili kilikuwa na kosa hilo hilo. Kitabu cha pili kimenakiliwa kutoka changu tangu siku ya ishirini na tatu. Bwana Rwechungura haoni vizuri, na hakutuambia."

Bi. Zuwena alivua miwani. Kwa siku sitini na mbili hakuna aliyewahi kumsikia Atuganile akimwita mzee yule kwa jina hilo, na Rwechungura mwenyewe alishtuka, kama aliyeitwa na mtu asiyemfahamu.

"Ni kweli, Laurian?"

"Ni kweli."

"Umekula chumvi na sisi mezani hapa miezi miwili."

"Ni kweli, Zuwena. Sina la kuongeza."

Ekai alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, "Mimi ningekuwa kwenye jongoo la kwanza. Fundi hupanda la kwanza."

Bwana Ngwele alikuwa akiigeuza kofia yake magotini. "Kule chini," alisema hatimaye, "nimewaambia watu wafunge mizigo. Wamefunga. Nikashuke nikawaambie nini? Kwamba tunarudi maghalani?"

"Utakachowaambia ndicho nilichoamua, nami nakiweka mbele yenu," alisema Atuganile. Alisimama, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa kusema jambo zito. "Leo jioni nitatuma taarifa kwamba jozi yetu imevunjika. Mimi na Bwana Rwechungura hatutatia sahihi tena, hapa wala penginepo. Lakini kanuni inamruhusu mtu mzima yeyote mwenye macho kusoma, akifundishwa na akiapa. Njia ya majongoo itasogezwa mashariki, ambako mwamba uko karibu, nayo ina nukta thelathini na tisa. Zitasomwa upya zote, na jozi mpya: wewe, Bwana Ngwele, ambaye umeishi na pimamaji mkononi, na Ekai. Nitawafundisha kuanzia sasa hadi jua liguse mlima. Kila mmoja atakifungia kitabu chake kwa kufuli, na ufunguo atalala nao. Bwana Rwechungura hatalikaribia kabati. Mimi nitashika fimbo, kwa sababu kushika fimbo juu ya barafu hakuhitaji sahihi ya mtu. Tuna siku tano. Zikitimia thelathini na tisa, watu watapanda. Ikibaki hata moja, meli itageuka nao wote, na mimi nitakuwa ndani yake, nikipita familia kwa familia kuwaeleza kwa nini."